Mwalimu Mwezeshaji: Sunna Tuliyoiacha Mlangoni mwa Chuo

 

Ndugu zetu Waislamu, Ijumaa hii tumeazimia kulizungumzia neno moja ambalo walimu wa nchi hii wamelisikia kwa miaka mingi hata masikio yao yamelizoea: mwezeshaji. Mtaala wa sekondari ulipobadilishwa mwaka 2005 na kuitwa mtaala unaojenga umahiri, walimu waliambiwa kwamba zama za kusimama mbele ya darasa na kumimina maneno zimekwisha. Mwanafunzi ndiye awe katikati. Mwalimu amwongoze, amuulize, ampe kazi ya kutenda na kumwachia nafasi ya kufikiri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeleta mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, nayo inasisitiza jambo lile lile. Kwa hiyo ni zaidi ya miongo miwili sasa tunahubiriwa hivyo.

Swali letu ni dogo. Je, maneno hayo yamefika Masagati?

Kwa msomaji asiyeijua, Masagati ni kata iliyo pembezoni mwa bonde la Kilombero, upande wa kuelekea milima ya Njombe, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba. Atokaye Ifakara hupita Mbingu, Mngeta na Chita hadi Mlimba, ambako reli ya TAZARA huanza kuipanda milima, na akifika hapo bado safari anayo. Ni nchi ya mpunga, mito na matope. Mvua zikikolea, familia nyingi za bonde hili huhama kijijini na kukaa mashambani kwa miezi, na watoto hukaa juu ya dungu wakiamia ndege wasiumalize mpunga.

Basi tumchukue mtoto mmoja wa huko. Hatumtaji jina kwa sababu si mmoja, ni wengi. Asubuhi yuko shule ya msingi, darasa limefurika, mwalimu anaandika ubaoni na yeye ananakili. Alasiri yuko chuoni kwa ustadhi. Amehifadhi Juzuu Amma, na akianza kuisoma hasimami. Lakini mwulize sura ya al-Maun, ambayo huisoma kila siku katika sala, inamzungumzia nani. Atakutazama. Hajui kwamba aya zile zinamtaja anayemsukuma yatima na anayewanyima watu msaada mdogo wa vyombo vya nyumbani. Na huenda jioni ile ile atampita yatima wa jirani yao akiwa na aya hizo ulimini. Mtoto huyu hana kosa. Hakuna aliyemuuliza.

Akifaulu kwenda sekondari, mambo huzidi kuwa magumu. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili, lugha ambayo kwayo anaweza kubishana na mnunuzi wa mpunga juu ya ujazo wa debe na gunia la lumbesa. Anapoingia kidato cha kwanza anafundishwa kwa Kiingereza. Hapo mwalimu anaambiwa na mtaala kwamba amshirikishe mwanafunzi, naye mwanafunzi hana lugha ya kushiriki nayo. Mtu hawezi kuuliza swali kwa lugha ambayo hata kuomba ruhusa ya kutoka nje kunamtoa jasho. Basi anajifunza adabu moja tu, nayo ni kunyamaza. Tunakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo kabla ya kurekebishwa zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja la sifuri, na Serikali ikaunda tume. Yalisemwa mengi wakati ule. Sisi twasema kwamba sehemu ya sifuri ile ilianza siku mtoto alipoacha kuuliza.

Wapo ndugu zetu, wakiwamo masheikh tunaowaheshimu, wanaolitilia shaka jambo hili la mwalimu kuwa mwezeshaji. Wanaliona kuwa limetoka ng'ambo, na kwamba likiingia katika vyuo vyetu mtoto atapanda kichwani, atamhoji ustadhi wake na haiba ya elimu itaondoka. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini tukirejea katika sira tutaona kwamba aliyefundisha hivyo kabla ya wote hao wa ng'ambo ni Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba mtu mmoja aliingia msikitini, akasali, kisha akaja kumsalimia Mtume (S.A.W.). Mtume akamjibu salamu na kumwambia arejee akasali, kwa kuwa hakusali. Akarejea, akasali vile vile. Ikawa hivyo mara tatu, hadi mtu yule akasema kwa kiapo kwamba hana namna nyingine aijuayo, na akaomba afundishwe. Hapo ndipo Mtume alipomweleza hatua kwa hatua, kuanzia takbira hadi utulivu wa rukuu na sijda. Angalieni, ndugu wasomaji, mahali somo lilipoanzia. Angeweza kumwambia kosa lake mara ya kwanza, nalo lingeingia sikio hili na kutokea lile. Alimwacha ajaribu, ajione, na kiu ya kujua itoke kwake mwenyewe. Mwalimu alingoja mpaka mwanafunzi akawa tayari.

Na ile ya mtende ni mashuhuri zaidi. Mtume (S.A.W.) aliwauliza Masahaba ni mti gani usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni kama Muislamu. Mawazo ya watu yakaenda kwenye miti ya jangwani. Abdallah bin Umar (R.A.), aliyekuwa kijana mdogo kuliko wote pale, moyoni mwake akajua kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye alipomweleza baba yake, Umar (R.A.) hakumwambia kwamba amefanya vyema kunyamaza mbele ya watu wazima. Alimwambia kuwa lau angelisema, jambo hilo lingekuwa la kupendeza zaidi kwake kuliko mali kadhaa wa kadhaa. Tunatamani hadithi hii isomwe kwa wazazi wa bonde la Kilombero na kwingineko ambako mtoto anayeuliza huitwa mjuaji.

Kwa mabinti zetu, ambao mara nyingi ndio walio kimya zaidi darasani, tunayo mawili. Wanawake walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia kuwa wanaume wamewazidi katika kumpata, wakamwomba awawekee siku yao, naye akawawekea. Na Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Ukiifungua Qur'an yenyewe utakuta jinsi ilivyojaa masuala na majibu. Wanauliza juu ya miezi michanga, juu ya mayatima, juu ya ulevi, nayo aya inashuka kulijibu lile lililokuwa vifuani mwao. Nabii Ibrahim (A.S.) alipomwomba Mola wake amwoneshe jinsi anavyohuisha wafu, aliulizwa kwanza kama haamini. Akajibu kuwa anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukemewa. Alipewa kazi ya mikono: achukue ndege wanne, awazoeshe kwake, kisha aweke sehemu zao juu ya vilima na kuwaita. Kisa hiki kimo katika sura ya al-Baqara, aya ya 260. Ikiwa Nabii alijifunza kwa kutenda na kuona, mtoto wa darasa la tatu atatoshekaje na kusimuliwa?

Watakaotupinga watatuletea kisa cha Nabii Musa na Khidhri (A.S.) katika sura ya al-Kahf, na wana haki ya kukileta, kwa kuwa pale mwanafunzi aliwekewa sharti asiulize mpaka aelezwe. Ni kweli. Lakini tukisome hadi mwisho. Khidhri hakumketisha Musa na kumhutubia. Alimchukua safarini, akamwonesha jahazi, kijana na ukuta, akamwacha ashangae na kusumbuka. Musa aliuliza mara tatu ilhali ameahidi subira. Na kabla hawajaachana alifafanuliwa kila kimoja. Tunachojifunza hapo ni subira ya mwanafunzi na kwamba jibu lina wakati wake. Hatuoni mahali palipohalalisha swali la mtoto lifukiwe milele.

Fimbo nayo tuitaje, maana haiwezekani kuzungumzia swali la mtoto pasipo kuizungumzia fimbo. Muawiya bin al-Hakam as-Sulami (R.A.) alizungumza ndani ya sala kwa kutojua, watu wakamkazia macho na kupiga mapaja yao. Baada ya sala Mtume (S.A.W.) alimwelekeza. Sahaba huyu alisema, kama alivyopokea Muslim, kuwa hakuona kabla yake wala baada yake mwalimu bora kuliko yeye: hakumkaripia, hakumpiga, hakumtusi. Kwa upande wa shule, kanuni za Serikali za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe daftarini. Chuoni hakuna daftari. Wako wanaotoa hoja ya hadithi ya mtoto wa miaka kumi asiyesali. Lakini hiyo inahusu kuacha sala, tena baada ya kuamrishwa tangu umri wa miaka saba, yaani miaka mitatu mizima ya maneno na mfano. Haikusemwa kwa mtoto aliyekosea herufi ya dhwadi.

Na tusiwadhulumu wazee wetu waliotusomesha kwa ubao na wino. Chuo cha kale cha Waswahili kilikuwa na jambo ambalo shule za leo zinalitafuta kwa semina. Kila mtoto alikuwa na mahali pake katika msahafu. Huyu yuko kwenye alifu na irabu zake, yule yuko Juzuu Amma, wa tatu anakaribia kuhitimu, wote katika baraza moja, na mwalimu akimsikiliza mmoja mmoja. Hakuna aliyeburutwa na mwendo wa mwenzake wala aliyeachwa nyuma kwa kuwa darasa limehamia sura nyingine. Na wakubwa waliwasomesha wadogo. Kilichopungua ni maana: mtoto alihitimu, akapikiwa pilau, akavishwa kilemba, na hakuna aliyemuuliza ameelewa nini. Kuhifadhi kwenyewe hatukubezi hata kidogo, kwani Qur'an imehifadhiwa vifuani kabla ya karatasi. Tunachokililia ni hifadhi isiyo na mlango wa kuingilia ndani.

Sasa tuje kwenye mfano, kwa kuwa bila mfano tutakuwa na sisi tumehutubia tu. Tuseme ustadhi wa Masagati anataka kusomesha zaka ya mazao. Njia tuliyoizoea ni kuandika ubaoni: nisabu ni wasaki tano, kinachotolewa ni sehemu moja ya kumi kwa shamba la mvua na nusu yake kwa shamba la kumwagilia kwa gharama. Watoto wananakili, wanaimba, wanakwenda nyumbani. Baba yao anavuna magunia yake, na zaka haitoki, kwa sababu wasaki ni neno la Kiarabu na gunia ni la Masagati.

Njia nyingine ni kuwaita watoto waje na mpunga. Mudi, wanavyuoni wamesema, ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikikusanywa pamoja. Basi mmoja wao wa makamo akusanye viganja vyake na kuchota. Mara nne ni saa moja, kipimo ambacho sisi tumekizoea kwa jina la pishi katika zaka ya fitri. Saa 60 ni wasaki, na wasaki tano ni saa 300, yaani mudi 1,200. Wapime pishi moja kwa mizani ya dukani na kuzidisha wenyewe. Watagundua, bila ya kuambiwa, kwamba pishi ni kipimo cha ujazo wala si cha uzito, na ndiyo maana hesabu iliyozoeleka ya takriban kilo 653 iliyofanywa kwa ngano haiendi sawa na kila nafaka. Hapo hesabu za shuleni na fiqhi ya chuoni zimekutana.

Lakini tamu ya somo ni swali litakalofuata. Lazima atatokea mtoto, pengine yule anayekaa nyuma, aulize: ustadhi, huu ni mpunga au mchele? Maganda nayo yanahesabiwa? Na hilo, ndugu zetu, ndilo swali hasa walilolijadili wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii. Wamesema nafaka inayohifadhiwa pamoja na ganda lake, kama mpunga, nisabu yake ni wasaki kumi, ili ikikobolewa ibaki tano. Mtoto wa Masagati, kwa kuutazama mpunga wa baba yake, amefika mwenyewe mlangoni mwa vitabu vya fiqhi. Mwingine atauliza kuhusu jirani yao mwenye shamba la skimu. Wa tatu atasema baba amelima kwa trekta la mkopo, je, deni linatolewa kwanza? Hapo wanavyuoni wamehitilafiana, na ustadhi atalazimika kusema kuwa amesikia kauli mbili, au aseme hajui na ataenda kuuliza.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo, na ndipo tunapotofautiana na wanaodhani kuwa mwezeshaji ni mwalimu aliyepumzika. Anayehutubia anahitaji kujua ukurasa anaousoma tu. Anayeruhusu maswali anahitaji kujua kurasa kumi mbele na kumi nyuma, na pia kuijua mipaka yake. Imam Malik husimuliwa kuwa aliulizwa masuala 48, na katika 32 kati yake akajibu kuwa hajui, wala haiba yake haikupungua hadi leo. Ustadhi anayekimbilia fimbo swali likimshinda huenda anakificha kile ambacho Imam wa Madina hakuona haya kukisema.

Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Misri mwaka 1406, aliliona tatizo hili zama zake. Katika Muqaddima ameeleza kuwa wanafunzi wa Morocco walikaa katika madrasa miaka 16 ilhali wa Tunis walikaa mitano, na akaona sababu mojawapo ni kwamba wengi walihudhuria wakiwa kimya, hawazungumzi wala hawajadiliani, wakishughulikia kuhifadhi kuliko inavyohitajika. Njia nyepesi ya kuupata umahiri, kwa maoni yake, ni ulimi kuzoea majadiliano. Tena akaonya kuwa ukali juu ya mwanafunzi humzoesha uongo na hila. Neno umahiri, ambalo leo limo katika mitaala yetu, lina mzee wake hapo.

Haya yote ni rahisi kuyaandika gazetini. Mwalimu wa shule ya pembezoni ana watoto wengi kuliko wale 45 wanaotajwa kuwa kiwango kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi; kitabu kimoja kinapita mikono mingi; na mafunzo ya mbinu hizi mpya wengi hawakuyapata, au waliyapata kwa siku chache. Shule za kata zilipoota kwa wingi chini ya mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, walipelekwa vijana waliopikwa haraka, na watu kwa ucheshi usio na huruma wakawaita voda fasta. Kumlaumu mwalimu huyo kwamba hakugawa darasa katika vikundi vya majadiliano ni kumtwika asichoweza. Serikali ina deni hapo, na hatutaki kulificha.

Ila chuo ni chetu. Hakuna mtaala kutoka Dodoma unaomzuia ustadhi kuuliza swali moja kila jioni, wala kamati ya msikiti inayohitaji kibali ili iongeze nusu saa ya maana baada ya kusoma. Hapa hapa Mkoa wa Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichoanza mwaka 2005, na katika kazi zake ni kuandaa walimu. Tunaona ni ajabu kwamba tunacho chuo hicho mjini, na ustadhi wa bondeni anasomesha kama alivyosomeshwa na babu yake, bila ya mtu kumtembelea hata wakati wa likizo. Vijana wanaosomea ualimu pale wakipangwa wawili wawili kwenda Mlimba na mbele yake kwa wiki mbili, wataongeza kitu, nao watajifunza kitu: namna ya kusomesha watoto ambao nusu ya mwaka wako juu ya dungu.

Maana hilo nalo lina mfano wake. Malik bin al-Huwayrith (R.A.) amesimulia kwamba walikuwa vijana wa rika moja, wakakaa kwa Mtume (S.A.W.) siku ishirini. Mtume, aliyekuwa mpole na mwenye huruma, akahisi kuwa wamewatamani watu wao. Akawauliza wamewaacha akina nani nyumbani, nao wakamweleza. Ndipo akawaruhusu warejee, wawafundishe, na wasali kama walivyomwona akisali. Aliwatazama nyuso, akaijua hali zao, akapanga somo kwa kadiri yake.

Mpunga wa bonde la Kilombero huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai. Wakati huo familia zinarudi kijijini na magunia, mizani za wanunuzi zimetundikwa kila njia panda, na watoto wana mpunga hadi nyweleni. Ustadhi anaweza kuanza Jumamosi ya kwanza ya mavuno kwa kumwambia kila mtoto aje na kibaba cha kwao.